Miguu Mikavu Juu ya Baiskeli Wakati wa Masika: Gambuti, Katambuga, Yeboyebo au Raba na Kifuniko?

Mvua ya Tabora haigawanyiki kuwa vuli na masika kama ile ya pwani. Ikianza Novemba huendelea mpaka Aprili, pengine ikipumzika wiki mbili tatu katikati, na kwa miezi hiyo yote mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli hukutana na swali lilelile kila asubuhi anapofungua mlango na kutazama mawingu: leo miguuni nivae nini? Mimi hutoka upande wa Kwihara kuja mjini, njia inayoanza kwa mchanga, ikaingia kwenye udongo unaonata, kisha ikamalizikia kwenye lami, na katika misimu kadhaa nimevaa aina zote nne nitakazozilinganisha hapa. Kila moja imewahi kunisitiri siku moja na kuniaibisha siku nyingine.

Aina zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni gambuti, yaani kiatu kirefu cha mpira au plastiki kinachofika chini kidogo ya goti. Ya pili ni katambuga, ndala za tairi zenye mikanda. Ya tatu ni yeboyebo, vile viatu vyepesi vyenye matundu ambavyo kila nyumba inavyo jozi moja mlangoni. Ya nne ni raba au kiatu cha ngozi cha kawaida kilichovishwa kifuniko juu yake, kiwe cha silikoni, cha plastiki chenye zipu, au cha nailoni ya kujitengenezea nyumbani.

Maji hutoka wapi

Mwendesha baiskeli halowi kama mtembea kwa miguu, na asiyelielewa hilo atanunua kiatu kizuri kisha alaumu muuzaji bure. Maji humfikia kwa njia nne. Mvua yenyewe hupiga magoti na mapaja, kwa kuwa ndiyo yaliyonyooshwa mbele, kisha hutiririka kwa kufuata muundi mpaka ndani ya kiatu. Gurudumu la mbele huchota maji ya barabarani na kuyarusha nyuma, moja kwa moja kwenye vidole vya miguu. Kidimbwi kirefu humeza pedeli iliyo chini wakati ile nyingine iko juu, kwa hiyo mguu mmoja huzama, ukatoka, ukaufuata wa pili. Njia ya nne husahaulika: jasho. Mguu unaosukuma pedeli kwa nusu saa ndani ya mpira usiopumua hulowa hata jua likiwa linawaka.

Ndiyo maana vigezo vyangu havianzi na swali la kama kiatu kinazuia maji. Swali la kwanza ni maji yanaingia kwa njia ipi, na yakishaingia yatatokaje. La pili ni joto la mguu wakati wa safari. La tatu ni jinsi kiatu kinavyoshika pedeli, maana kiatu kikavu kinachoteleza kinaweza kumwangusha mtu. La nne ni afya ya ngozi na usalama wa mguu dhidi ya vitu vya njiani. La tano ni muda wa kukauka pamoja na matunzo, na la mwisho ni gharama. Nitazipitisha aina zote nne chini ya kila kigezo, ingawa vigezo havina uzito sawa na sitajifanya kana kwamba vinao.

Maji kuingia, maji kutoka

Gambuti ndiyo inayozuia maji ya chini kuliko nyingine zote. Kidimbwi kinachofika kwenye kifundo cha mguu hakiisumbui, wala maji yanayorushwa na gurudumu. Udhaifu wake uko juu, kwenye mdomo. Katika msimu wangu wa kwanza nilichomeka suruali ndani ya gambuti kwa kudhani ndiyo njia ya unadhifu, nikapanda baiskeli kwenye mvua ya alfajiri. Suruali ilinyonya maji kuanzia mapajani na kuyateremsha taratibu kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta, isipokuwa hapa mwelekeo ulikuwa wa kushuka. Nilipofika kazini nilivua kiatu kimoja barazani, nikakiinamisha, na maji yaliyotoka yangetosha kunywesha kuku wa nyumba nzima. Mlinzi alitazama akasema, "Mzee, hiyo gambuti yako ni ya kuzuia maji yasitoke." Tangu siku hiyo suruali ya mvua hukaa nje ya gambuti, nami huifunga juu ya kifundo kwa ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, ili isiguse cheni wala isipepee. Kwa utaratibu huo gambuti hubaki kavu kwa saa nzima ya mvua, ila jasho.

Katambuga haizuii chochote. Maji huingia kwa mbele, kwa pembeni na kwa nyuma, na hutoka kwa njia hizohizo papo hapo. Mguu hulowa mara mia na kujimwaga mara mia. Tope laini huingia kati ya unyayo na tairi, nalo hukera, lakini bakuli moja la maji getini humaliza habari hiyo.

Yeboyebo hukaa katikati. Matundu yake ya juu huruhusu maji kuingia, ila pembeni imezibwa, hivyo maji yaliyoingia hukaa kidogo kwenye kisigino kabla ya kutoka. Zipo zenye matundu ubavuni karibu na unyayo, na hizo ndizo za kutafuta kwa mwenye baiskeli. Jozi isiyo na matundu ya chini inaweza kutobolewa mawili matatu kila upande kwa msumari uliopashwa moto, kazi ya dakika tano.

Raba yenye kifuniko ndiyo yenye maelezo marefu, kwa sababu vifuniko si kitu kimoja. Cha silikoni huvutika na kuukumba mguu mzima pamoja na soli, kama soksi ya mpira, na huzuia vizuri maji ya gurudumu, lakini huishia juu kidogo ya kifundo na mdomo wake hukabiliwa na tatizo lilelile la gambuti. Cha plastiki chenye zipu hupanda juu zaidi, ila maji hupenya kwenye meno ya zipu na kwenye mishono kama haikupigwa utepe kwa ndani. Kisha kuna cha nyumbani. Zamani tulikuwa tukivisha viatu mifuko ya rambo na kuifunga kwa mpira, mpaka mifuko ya kubebea ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, jambo ambalo mitaro yetu ililihitaji. Sasa wengi hutumia nailoni nzito ya ndani ya mfuko wa mbolea, ambayo kwanza inapaswa kuoshwa vizuri. Hapa nina ushauri unaopingana na mazoea: nailoni hiyo ivaliwe ndani, kati ya soksi na kiatu. Ikivaliwa nje, pedeli huila kabla hujamaliza kilomita mbili. Ikiwa ndani, kiatu hulowa lakini soksi haifikiwi na mvua. Jasho nalo hukusanyika, kwa hiyo njia hii inavumilika kwa safari isiyozidi saa moja.

Joto la mguu

Nchi za baridi, kama zile za kaskazini mwa Ulaya, zina kifaa maalumu kwa ajili ya hili. Waendesha baiskeli wa huko huvisha viatu vyao vifuniko vya neoprini, mpira wenye vipovu vidogo vya gesi vinavyohifadhi joto, kwa sababu wanasafiri hewa ikiwa karibu na kiwango cha maji kuganda, na vidole vilivyolowa katika hali hiyo vinaweza kudhurika. Vifuniko hivyo hukatwa wazi kwa chini ili kipande cha chuma kilicho kwenye soli kinase kwenye pedeli. Mtu akitembea navyo kwenye tope huvimaliza haraka, na kwenye hewa yetu mguu ungetokota ndani yake. Akikuletea ndugu kutoka ng'ambo, mshukuru, lakini usivitegemee kwa masika ya Unyamwezi.

Baridi yetu ni ya aina nyingine. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alfajiri pamoja na upepo wa mwendo wa baiskeli vinatosha kufanya vidole vife ganzi, hata kama saa nne jua litawaka. Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa, na upepo unaopita juu ya ngozi iliyolowa huzidi kuliondoa. Kwa kigezo hiki gambuti na raba yenye kifuniko ziko mbele, mradi soksi zimebaki kavu. Soksi za pamba zikilowa hukaa zimelowa na kuupoza mguu. Za sufu huendelea kutoa joto hata zikiwa na maji, ingawa hazipatikani kirahisi. Za nailoni au poliesta hazina joto kubwa lakini hukauka haraka. Yeboyebo, kwa kuwa imetengenezwa kwa povu lenye vipovu vilivyofungwa, humkinga mtu na ubaridi wa pedeli ya chuma na upepo wa mbele kuliko mwonekano wake unavyoahidi. Katambuga huacha vidole uchi mbele ya upepo, na asubuhi ya mvua ndefu mvaaji ataujua ukweli huo kabla hajafika nusu ya njia. Mchana, mvua ya saa tisa inapokuja baada ya joto kali, mpangilio huo wote hupinduka: katambuga huwa raha na gambuti huwa adhabu.

Mshiko kwenye pedeli

Kigezo hiki wengi hukiruka, nami nilikilipia. Nilikuwa nateremka kuelekea kalavati moja nikiwa nimevaa yeboyebo zilizochakaa soli, nikasimama juu ya pedeli ili nipite bonde, na mguu wa kulia ukateleza. Pedeli ilizunguka na kunirudi kwenye muundi. Kovu lipo hadi leo, nalo ni mwalimu mzuri kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Yeboyebo huteleza mara mbili: soli huteleza juu ya pedeli, na mguu wenye maji huteleza ndani ya kiatu. Ukanda wa nyuma ukiteremshwa kisiginoni hupunguza tatizo la pili, na ni ajabu jinsi wavaaji wengi wanavyouacha ukiwa juu kama pambo. Tatizo la kwanza hutegemea soli mpya na aina ya pedeli. Baiskeli zetu kubwa za chuma, zile za Phoenix na jamaa zake, mara nyingi huwa na pedeli za vipande vya mpira ambavyo vikizeeka huwa laini kama sabuni vinapolowa. Kubadilisha pedeli hizo ni nafuu kuliko kubadilisha mguu.

Katambuga hushika vizuri kuliko zote, na sababu iko wazi: soli ni tairi, na tairi ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mikanda ikilegea mguu husogea, kwa hiyo ni lazima kuwe na mkanda wa nyuma. Katambuga ya kuchomeka vidole tu haifai kwa baiskeli hata kidogo.

Gambuti hushika vizuri kama soli ina meno ya kina, ila ni pana. Kwenye baadhi ya baiskeli ubavu wake hugusa mkono wa pedeli kila mzunguko, na kwa mtu mwenye kiatu kilichozidi saizi ncha ya mbele inaweza kugonga madigadi anapokata kona. Tena ni nzito, na uzito huo huinuliwa kila mzunguko. Kwa kilomita tatu hutauhisi. Kwa kilomita kumi na tano mapaja yatakukumbusha.

Kifuniko cha silikoni kina soli nyembamba yenye mistari midogo, ambayo hushika vizuri kikiwa kipya. Adui yake ni pedeli za chuma zenye meno makali, ambazo huitoboa silikoni kwa siku chache, na tundu dogo huwa mpasuko ukitazama tu. Mwenye pedeli za namna hiyo na anayetaka vifuniko vya silikoni hana budi kuchagua kimoja.

Ngozi, vidonda na viumbe vya majini

Gambuti hulinda dhidi ya miiba, vioo, visiki na, kwa anayepita nyasi ndefu akikokota baiskeli, dhidi ya nyoka kwa kiasi fulani. Pia huzuia udongo na maji machafu kugusa ngozi, na hilo si jambo dogo. Mabuu ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu ulio wazi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi ndani ya maji yenye konokono wanaovibeba. Kidimbwi cha mvua ya jana barabarani si makazi ya konokono hao, lakini majaruba ya mpunga, mabwawa na mitaro ya maji yanayokaa inaweza kuwa. Homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza Julai 2022 ilipozuka Lindi, husababishwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia michubuko au ngozi iliyolainishwa na maji. Anayepitisha baiskeli yake kila siku pembeni mwa majaruba ana sababu ya kuipenda gambuti hata kama ni nzito.

Upande wa pili, gambuti ikivaliwa tangu asubuhi hadi jioni hugeuka chumba cha fangasi. Ngozi kati ya vidole huwa nyeupe, hulainika, kisha hupasuka. Raba iliyofunikwa ina kasoro hiyohiyo, tena zaidi, kwa kuwa kitambaa hubakiza unyevu hata baada ya kifuniko kuvuliwa. Katambuga na yeboyebo humwacha mtu na ngozi inayopata hewa, ila humwacha pia na vidole visivyo na kinga. Yeboyebo inaficha vidole dhidi ya changarawe ndogo lakini mwiba wa mgunga hupita kwenye soli yake kama sindano kwenye kitambaa. Katambuga haitoboki kirahisi. Hata hivyo, kabla ya kununua, mkague fundi aliyeikata: tairi zenye nyuzi za chuma huacha waya ambazo baadaye hujitokeza na kuchoma unyayo, ndiyo maana mafundi wazuri hutafuta tairi za nyuzi za nailoni.

Mwenye kisukari asitumie katambuga wala yeboyebo kwa safari za tope, kwa sababu anaweza kujikata bila kuhisi, na aitazame miguu yake kila jioni hata akivaa gambuti.

Kukauka, matunzo na gharama

Hapa katambuga inashinda bila ubishi: ifute, imekauka. Yeboyebo nayo hukauka kwa dakika chache, lakini isianikwe kwenye bati lenye jua kali wala kando ya jiko, kwani povu lake husinyaa kwa joto, na jozi ya namba 42 inaweza kurudi mlangoni ikiwa ya mtoto wa shule.

Gambuti iliyoingia maji ndani huchukua muda. Ile yenye kitambaa kwa ndani inaweza kukaa siku mbili ikinuka kabla haijakauka, wakati ile isiyo na kitambaa hufutwa kwa tambara na kuinamishwa usiku kwenye vijiti viwili, ikawa tayari asubuhi. Zile za plastiki huanza kupasuka pale zinapokunjika juu ya vidole. Za mpira halisi hudumu zaidi, na ufa wake mdogo unaweza kuzibwa na fundi baiskeli kwa kiraka cha tyubu na gundi ileile anayozibia pancha. Plastiki haikubali gundi hiyo.

Raba iliyolowa ni kazi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makuukuu, yabadilishe baada ya saa mbili, uianike kivulini penye upepo. Kiatu cha ngozi kisogezwe mbali na mkaa, maana ngozi inayokaushwa kwa haraka hupasuka. Kwa ngozi mkoa wetu una dawa yake, na nashangaa haitumiki zaidi ya inavyotumika: nta ya nyuki. Warina asali wa Sikonge na Urambo wanayo. Kata kipande kidogo, kiweke ndani ya kopo pamoja na mafuta ya alizeti kiasi kama hicho, kopo likae ndani ya sufuria yenye maji ya moto ili nta isishike moto, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi na haihitaji zaidi ya hapo. Pakaa mchanganyiko huo kwenye mishono na pale soli inapokutana na ngozi, uache usiku kucha, ufute asubuhi. Kiatu hakitakuwa gambuti, lakini mvua ya robo saa haitapenya, na rangi itakuwa nzito kidogo.

Kwa bei, yeboyebo na katambuga ndizo za chini, gambuti hufuata, na raba yenye kifuniko hutegemea kama unahesabu raba uliyo nayo tayari au la. Kifuniko cha silikoni ni cha bei nafuu kwa kukitazama, lakini kikichanika mara mbili katika msimu mmoja gharama yake imeshaipita ya gambuti. Nilinunua jozi moja kwa mchuuzi aliyeniapia kwamba ingenizika. Ilidumu wiki tatu, nami bado nipo.

Kabla hujatoa hela ya kiatu chochote, nenda kwa fundi akuongezee kipande cha mpira mwishoni mwa madigadi ya mbele, kining'inie mpaka karibu na ardhi, shubiri moja hivi. Kipande hicho cha tairi kuukuu huzuia sehemu kubwa ya maji yanayorushwa miguuni, na kwa mvua nyepesi kinaweza kukufanya usihitaji kifuniko kabisa.

Nani avae nini

Mtumishi wa ofisini au mwalimu anayesafiri kilomita chache na anayepaswa kufika akiwa nadhifu ana njia mbili za haki. Kama sehemu kubwa ya njia yake ni lami, raba au kiatu cha ngozi chenye nta na kifuniko kitamtosha, pamoja na soksi za akiba mfukoni. Kama njia yake ina tope, avae katambuga au yeboyebo zenye mkanda kisiginoni, abebe viatu vya kazi kwenye keria ndani ya kitu kisichopitisha maji, na aoshe miguu akifika. Mimi mwenyewe, nisipokuwa na mvua ya alfajiri, hufuata hii ya pili, ingawa wenzangu wanaoona aibu kuvua viatu mbele ya wanafunzi wana haki yao.

Mkulima anayekwenda shambani, na hasa anayepita kwenye majaruba au udongo mweusi wa mbuga unaoganda kwenye magurudumu mpaka baiskeli ikagoma, atafaidika zaidi na gambuti, kwa kuwa atakuwa akitembea na kukokota kama anavyopanda. Achague isiyo na kitambaa ndani, na aivue walau mara moja mchana ili miguu ipate hewa.

Kijana wa baiskeli ya abiria hukanyaga siku nzima, jua na mvua zikipokezana. Gambuti itamchosha na raba haitakauka kati ya mvua mbili. Katambuga yenye mikanda imara inamfaa, na asubuhi za baridi anaweza kuvaa soksi za nailoni ndani yake. Watakaomcheka watakuwa wamekufa ganzi vidole.

Mwanafunzi anayetakiwa kuvaa viatu vyeusi vya kufunga shuleni avibebe begini na aje na yeboyebo. Mzazi akiona pedeli za baiskeli zimelainika, aanze na hizo.

Msomaji wa Kigoma atahitaji kubadilisha kidogo mizani hii. Kati ya Ujiji na mjini hewa ya ziwani ni ya joto kuliko yetu, na vilima huleta jasho wakati wa kupanda na mteremko wa kutisha wakati wa kushuka, kwa hiyo mshiko wa pedeli na kupitisha hewa vipewe uzito kuliko joto. Anayeishi juu, Kasulu au Buhigwe, ambako asubuhi hufunikwa na ukungu na mvua hunyesha kwa baridi, ana sababu zaidi ya kutafuta kiatu kilichofunga. Akichagua gambuti, ainunue saizi moja kubwa ili iingize soksi mbili, ila aipande baiskeli dukani kwanza na kuzungusha pedeli nyuma mara kadhaa, aone kama ubavu wa kiatu unagusa.